Mashine ya maabara na kompyuta hazisikizani kwa USB: anzia hapa kabla hujaita fundi

Mimi nafunga na kutengeneza mashine za maabara hapa Malindi, za shule, za kliniki, za watu wa kupima maji, na mara moja moja navuka kwenda Amu, yaani kisiwa cha Lamu. Simu ninazopigiwa zinafanana, "fundi mashine imekufa, kompyuta haiioni." Nikifika, mara nyingi mashine ni nzima kabisa, kilichokufa ni njia kati yake na kompyuta. Kuna siku nilitoka hapa na basi la asubuhi mpaka Mokowe, nikapanda boti, nikatembea na begi la vifaa mpaka kwenye maabara, kumbe mtu alibadilisha kebo akaweka ya kuchajia simu. Siku mbili nzima watu walikuwa wanarudishwa nyumbani na sampuli zao, wengine wazee, na jambo lenyewe lilikuwa la dakika moja. Iliniuma sana, ndo maana nimekaa kuandika hii.

Nimepanga kwa dalili, tafuta ile unayoiona wewe. Ndani ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi nikashuka mpaka zile za nadra, kwahiyo fuata kwa mpangilio usiruke.

Kabla hujagusa kitu

Usianze kwa kufuta programu na kuiweka upya. Najua ndo kitu cha kwanza kinachomjia mtu, lakini ukifuta programu ya analaiza (mashine inayopima sampuli na kutoa matokeo yenyewe) unaweza kupoteza kalibresheni, majina ya vipimo na matokeo ya miezi, alafu ukute CD yake ilishapotea zamani na leseni nayo imeenda. Piga picha na simu kila ukurasa wa setingi, hasa pale pameandikwa COM (jina la poti, yaani njia ambayo kompyuta inaongea na mashine) na namba zake, kopi folda ya data kwenye flashi, ndo uendelee. Kama kuna sampuli ya mgonjwa ndani ya mashine iache imalize, soma matokeo kwenye skrini ya mashine yenyewe uyaandike kwenye kitabu.

Na badilisha kitu kimoja tu kisha jaribu. Ukibadilisha kebo na soketi na draiva (programu ndogo inayoifanya Windows itambue kifaa) kwa pamoja ikakubali, hujui nini kilikuwa kibaya, wiki ijayo itakusumbua tena.

Dalili: kompyuta haioni kitu kabisa, hata ule mlio wa kuchomeka haulii

Kwanza kebo. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, na zile kebo rahisi za kuchajia nyingi hazina hizo mbili za data, kwahiyo mashine inaweza hata kuwaka taa na bado kompyuta isijue kuna kitu. Kama mashine yako ina tundu dogo la micro, chukua ile kebo uchomeke simu kwenye kompyuta, simu ikichaji tu bila kukuuliza habari ya kuhamisha mafaili basi jaribu kebo nyingine unayojua inapitisha data. Kama ina lile tundu la mraba, hiyo ni kebo ile ile ya printa, ingia saiba yoyote uwaazime kebo ya printa dakika tano, utapata jibu bila kulipa fundi.

Pili, mashine iko tayari kweli? Spektrofotomita na analaiza nyingi zikiwashwa zinajipima zenyewe kwanza, zinawasha taa, zinazungusha gurudumu la filta, na kabla hazijamaliza zingine hazijibu chochote kwenye USB. Washa mashine, subiri imalize, ndo ufungue programu. Kuna mashine pia lazima uende kwenye menyu yake uchague kama inatoa data kwa USB au kwa ile poti ya zamani ya pini 9 au kwa printa, na stima ikikatika vibaya chaguo hilo linaweza kurudi la kiwandani.

Tatu ni chumvi, na hapa nitakaa kidogo kwasababu vitabu vya mashine vimeandikwa na watu wasiokaa karibu na bahari. Sisi kusi ikivuma kila kitu kinashika unyevu wa chumvi, dirisha la maabara likiwa wazi upande wa pwani vile vibati vya ndani ya tundu la USB vinapoteza mng'aro, baadae vinaota kijani. Ukiona kijani ujue shaba imeanza kuliwa. Chukua tochi ya simu uangalie ndani ya tundu la mashine, la kompyuta na kwenye ncha zote mbili za kebo. Ikiwa ni uchafu tu au ukungu mwepesi, zima vyote viwili na uchomoe kwenye stima, pulizia dawa ya kusafishia kontakti au tumia spiriti ya isopropili, ile kali ya 99 asilimia, kwa brashi laini isiyoacha nywele, uache ikauke kabisa ndo uwashe. Usitumie kisu wala msasa, zile kontakti zimepakwa madini juu na ukikwangua umeondoa kinga yenyewe, mwezi ujao kutu inarudi mara mbili. Usipake mafuta yoyote ati kuzuia kutu, yanashika vumbi. Kama kijani kimeshaingia kwenye kebo, tupa kebo. Kama kimekula tundu la mashine hilo ni la kubadilishwa na fundi mwenye vifaa vya kulehemu, usilazimishe kebo iingie ukavunja bodi.

Nne, habu (kile kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi) na eksitensheni. Kebo ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, ukiunga eksitensheni juu ya eksitensheni ili kompyuta ikae chumba cha pili data inafika imechoka. Na habu isiyo na chaja yake inagawanya umeme wa poti moja kwa wote, poti ya USB 2.0 inatoa miliampia 500 na ya USB 3.0 inatoa 900, sasa ukiwa na kamera ya hadubini, kisoma baakodi, mausi na mashine juu ya habu moja unategemea nini. Chomeka mashine moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ile ya mezani tumia matundu ya nyuma, yale yamekaa kwenye bodi yenyewe, ya mbele yanapita kwenye kiwaya cha ndani ambacho huwa kinalegea.

Mwisho kabisa ndo poti iliyokufa. Jaribu poti nyingine, kisha jaribu laptopu nyingine. Laptopu mbili tofauti, kebo mbili nzima, na bado kimya? Hapo sasa ni mashine, acha, piga simu.

Dalili: inaonekana lakini ina alama ya manjano

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, tafuta yenye pembetatu ya manjano, bonyeza mara mbili usome namba ya kosa. Hiyo namba ndo kila kitu, ukinipigia simu nitakuuliza hiyo kwanza.

Kodi 28 ni draiva haipo, basi, iweke. Lakini soma maelekezo, mashine nyingi zinataka uweke programu kwanza ndo uchomeke kebo, ukianza na kebo Windows inaweza kuipa draiva isiyo yake. Ikishatokea hivyo, ondoa kile kifaa kwenye Device Manager ukiweka tiki kwenye kile kisanduku cha kufuta na draiva, chomoa kebo, weka programu ya mashine, restati, ndo uchomeke tena.

Kodi 10 maana yake kifaa hakiwezi kuanza, na kwa mashine zetu hii mara nyingi inatoka kwenye ile kebo ya kubadilisha USB kuwa poti ya pini 9. Ndani ya hiyo kebo kuna chipu, na chipu za Prolific za zamani aina ya PL2303 hazikubaliwi tena na draiva mpya, na za kuigiza vile vile. Kwa FTDI, kampuni nyingine ya chipu hizo, kulikuwa na kisa mwaka 2014, draiva iliyokuja na apdeti ya Windows ilizizima chipu za kuigiza kwa kuzibadilisha namba ya utambulisho, watu wakabaki na kebo mfu bila kuelewa. Kwahiyo ukinunua kebo ya aina hii usikimbilie ya bei ya chini kabisa, hii ni sehemu ambayo nawaambia wateja wangu watoe pesa zaidi kidogo, maana bei ya kebo nzuri ni ndogo kuliko siku moja ya maabara kufungwa.

Kodi 43 ni kifaa kimeripoti tatizo au kompyuta imeshindwa kukielewa, rudi kwenye kebo, chumvi na umeme kule juu. Kabla ya hapo jaribu hii: zima kompyuta na mashine, chomoa zote ukutani, kaa dakika moja, rudisha. Na ujue kwenye Windows za siku hizi kuzima kwa kawaida hakusafishi kila kitu, kuna ule mtindo wa kuwaka haraka unaohifadhi hali ya mfumo, kwahiyo ukishaiwasha tena fanya na restati mara moja.

Kodi 52 ni saini ya draiva. Mashine za zamani sana draiva yake haina saini inayokubalika, na zile zilizoandikwa kwa Windows ya biti 32 haziingii kabisa kwenye ya biti 64. Usifungue ulinzi wa kompyuta ukauacha wazi kwa ajili ya hilo. Uliza mtengenezaji draiva mpya, na kama haipo tafuta kompyuta ya zamani iwe ya mashine hiyo tu, isiingie intaneti na isichomekwe flashi za watu.

Dalili: Windows inaiona vizuri, programu ndo inasema haipati mashine

Hii ndo inayowapotezea watu siku nzima.

Sababu ya kwanza ni namba ya COM imebadilika. Mashine nyingi za maabara ingawa zinatumia USB, ndani zinaongea kama poti ya zamani, na Windows inaipa namba, tuseme COM3. Jana msafishaji amechomoa kebo apanguse meza, akarudisha tundu la pembeni, leo ni COM7 na programu bado inatafuta COM3. Chipu zisizo na namba yake binafsi ndani, kama CH340, ndo zinafanya hivi kila ukibadilisha tundu. Nenda Device Manager angalia imepewa namba gani, kisha badilisha kwenye programu ilingane. Au kama programu ni ya zamani na haijui namba zaidi ya COM4 au COM9, irudishe chini: bonyeza hiyo poti mara mbili, Port Settings, kisha Advanced, chagua namba ndogo. Baada ya hapo bandika karatasi kwenye tundu, "YA ANALAIZA, USIHAMISHE". Nimeona karatasi hiyo moja inamaliza matatizo ya mwaka.

Ya pili, programu nyingine imeishika poti. Poti ya COM inakubali programu moja tu kwa wakati. Labda ile programu ilihang jana ukaifunga kwa nguvu lakini bado iko hai nyuma, fungua Task Manager uangalie kama jina lake lipo mara mbili. Au kuna programu ya printa ya risiti, au ya simu, inayopekua poti zote ikianza.

Ya tatu, spidi na ndugu zake. Kama programu inataka 9600 na mashine imewekwa 19200 hazitaelewana hata ufanye nini. Vitu vinne vilingane pande zote, spidi, biti za data, pariti na biti ya kusimama. Nyingi ni 9600, biti 8, bila pariti, kusimama 1, lakini mizani zingine zinatoka kiwandani na biti 7, soma kitabu chake.

Ya nne ni ule ufunguo wa leseni, kile kiflashi kidogo kinachokaa nyuma ya kompyuta. Mtu akikiona anadhani ni flashi tupu, anakichomoa. Kikipotea leseni nayo imepotea, kwahiyo kifunge hata kwa kamba.

Kwa wale wa vyuo wenye osiloskopu na mita za kuongozwa na kompyuta kupitia VISA (programu ya kati inayotuma amri kwa vifaa vya kupimia), mkiona kosa -1073807343 maana yake kifaa hakipatikani kwa jina mliloandika, na -1073807339 ni kimepatikana ila hakikujibu kwa muda. La pili angalieni alama ya kumaliza sentensi, kama mashine inangoja alama ya mstari mpya na programu haiitumi, mashine itakaa inasubiri tu. Na wa Linux, hakikisheni jina lenu liko kwenye kundi la dialout, lile lenye ruhusa ya kutumia poti, na kwenye Ubuntu 22.04 ile brltty, programu ya wasioona, ina tabia ya kuchukua vifaa vya CH340 ikidhani ni vyake, iondoeni kama hakuna anayeitumia.

Dalili: inakatika katikati ya kipimo

Inaanza vizuri, dakika kumi, ishirini, alafu kimya. Kama inakatika ukiiacha bila kuigusa, mara nyingi sababu ni Windows inalaza poti kuokoa umeme. Device Manager, nenda kwenye USB Root Hub, kichupo cha Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa, fanya kwa kila Root Hub. Kisha kwenye mpango wa umeme zima ule usingizi wa USB, na uzuie kompyuta yenyewe isilale. Laptopu iwe kwenye chaja.

Kama inakatika kwa nyakati zake, kaa nayo na kitabu uandike saa na kitu kilichotokea saa hiyo. Kliniki moja hapa mjini walikuwa wananiambia inakatika ovyo ovyo, nikawaomba waandike siku tatu, ikaonekana ni kila friji ya chanjo ikianza kunguruma, friji na mashine na kompyuta zote ziko kwenye eksitensheni moja. Mota ikianza inavuta umeme kwa kishindo, volti inashuka kidogo na kelele inapita kwenye nyaya. Tulichofanya ni kuhamisha mashine na kompyuta pamoja kwenye soketi nyingine ya ukutani, zote mbili kwenye UPS moja (kifaa chenye betri kinachoshikilia stima ikikatika), na kebo ya USB tukaitenganisha na nyaya za stima zilizokuwa zimefungwa nayo bando moja. Ikaisha. Sentrifuji, kiyoyozi na pampu ya maji vinafanya hayo hayo.

Sababu nyingine ya hapa kwetu ni jenereta. Stima ikienda, jenereta ikishika, kuna sekunde kadhaa hapo katikati ambazo bila UPS mashine inazima na kuwaka huku laptopu iko hai kwa betri, programu inabaki inaongea na mashine ambayo sio ile tena. Funga programu, subiri mashine ijipime, fungua programu upya. Usiendelee na kipimo kilichokatwa hapo, kirudie chote.

Ya ndani zaidi ni tofauti ya ethi, ule waya wa usalama unaoenda ardhini. Mashine iko kwenye soketi yenye ethi, laptopu iko kwenye chaja ya pini mbili au soketi ya upande wa pili wa nyumba, sasa mkondo mdogo unatafuta njia kupitia kebo ya USB. Dalili yake ni ukichomoa chaja ya laptopu ukatumia betri, tatizo linapotea. Zote mbili ziwe soketi moja yenye ethi ya kweli, na ikishindikana kuna kifaa cha kutenganisha USB kinachokaa katikati ya kebo, lakini uliza kwanza spidi yake, vingi vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, vinatosha kwa analaiza, havitoshi kwa kamera ya hadubini.

Dalili: namba zinakuja lakini hazieleweki

Ukiona herufi za ajabu na vijisanduku, ni spidi au pariti, rudi juu.

Hii nyingine ni hatari zaidi kwasababu haionyeshi kosa lolote. Malindi tuna Waitaliano wengi na laptopu nyingi za msaada zinakuja zikiwa na setingi za Italia, kule desimali inaandikwa kwa mkato sio kwa nukta. Nimekuta maji yenye pH 7.42 yameingia kwenye jedwali kama 742. Hiyo utaishtukia haraka, lakini je ingekuwa glukosi au kloridi, kipimo ambacho namba kubwa inawezekana? Nenda setingi za eneo kwenye Windows, hakikisha desimali ni nukta, au vile kitabu cha programu kinavyotaka, kisha linganisha matokeo kumi na skrini ya mashine, moja moja kwa macho yako.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi mpaka apdeti

Device Manager, sifa za kifaa, rudisha draiva ya nyuma. Ikikataa, rudisha Windows kwenye siku ya kabla ya apdeti kama System Restore ilikuwa imewashwa. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025, na wengi wanahamia 11 kwa haraka, tafadhali uliza kwanza mtengenezaji wa mashine kama programu yake inakubali 11. Kompyuta ya mashine usiihamishe siku ya kazi.

Hapa acha, usiendelee

Ukigusa bati la mashine ukahisi vidole vinatekenywa, zima kwenye swichi ya ukutani, usiguse tena, ita fundi wa umeme apime ethi. Usikate wala kuruka pini ya ethi ili plagi iingie.

Harufu ya kuungua, tundu la USB la moto, au matatizo yaliyoanza siku ya radi: chomoa. Usijaribu kwenye kompyuta ya pili "kuona tu", poti iliyoungua inaweza kuua na hiyo kompyuta nyingine, nimeona mbili zikienda mchana mmoja.

Usifungue mashine yenye laza, taa ya UV, au volti kubwa ndani, hata kama skrubu ni nne tu. Yenye stika ya waranti pia usiifungue.

Na kwa mashine ya wagonjwa, hata ukishafaulu mwenyewe, pitisha sampuli za kontroli (zile ambazo matokeo yake yanajulikana tayari) kwanza, ziwe ndani ya kiwango, msimamizi wa maabara aandike sahihi, ndo upime mgonjwa. Ukinipigia au kumpigia fundi yeyote uwe na vitu hivi mkononi: jina na modeli ya mashine, toleo la programu na la Windows, namba ya kosa, picha ya Device Manager, na nini kilibadilika kabla haijaanza kusumbua. Ukiwa Amu hasa, nitumie hizo kwanza jioni, kama ni ya kumalizika kwa simu tutaimaliza usiku huo huo na asubuhi ufungue maabara.